Mwisho wa Hadithi Yako Ziwa Limeukalia

Shemeji Kashindi,

Weye ulikufa, lakini kunyamaza hutaki. Jana nilikuwa Kavimvira, pale mpakani, kwa wabadilishaji pesa, nikasikia sauti yako inatoka mfukoni mwa kijana mmoja: "Mwanamke wa mdomo wa mto hana haraka..." Nusura nikimbie. Minye niliyekubeba kwa bega hili mpaka kaburini kilimani, leo unanitisha mbele ya watu! Kijana akanicheka: "Mzee, ni audio tu. Iko mpaka Bujumbura."

Ndiyo ile hadithi ya mwanamke wa majini aliyokurekodi mjukuu wetu Esta, kabla ugonjwa haujakulaza. Kiburi chako. Ulitaka dunia ikusikie, haya, imekusikia. Huko ng'ambo wamekuwekea ngoma na mlio wa mwanamke. Unasikika kama mbuzi aliyefungiwa ndani ya pipa.

Lakini mwisho hukuusema. Hapo ulifuata desturi yetu: mwisho wake husemwa penye lile jiwe la mtoni tu, mchana kweupe, kila mtoto ameliwekea mkono. Unakumbuka siku yetu? Jiwe lina joto la jua, na minye natetemeka. Baba yako alipomaliza, hakuna kati yetu aliyeoga pale tena. Weye ulijikojolea, shemeji. Nilikutetea, nikasema ni maji ya ziwa.

Sasa audio haina mwisho, kila mtu anaiwekea wake. Wanasema yule mwanamke anatoa bahati: ingia majini mpaka kiunoni, mtajie jina lako, utapata visa ya Canada. Nilicheka. Sasa sicheki. Watoto wa mtaa wanaingia kweli, na ziwa limepanda, mamba wamekuja karibu na nyumba. Juzi mmoja alimshika mguu mtoto wa Mama Neema, jirani yetu. Wavuvi walimpokonya mtoto. Hospitali wanasema mguu labda utapona. Alikuwa bado anataja jina lake...

Esta analia, anasema kosa ni lake. Nimemwambia kosa ni lako, kwa sababu weye huwezi tena kuumia. Kisha akaniletea mambo ya iniversite, ya huko chuoni kwake. Anasema kuna maneno yanayokaa juu ya kitu kizito: hayaendi mbali, lakini wajukuu wanayakuta. Na kuna yanayopanda kitu chepesi: yanavuka mipaka yote, keshokutwa yamesahaulika. "Babu, hofu ya jiwe ilikuwa na mahali pake. Ya telefone iko kila mahali, ndiyo maana mtoni haiko." Nilimuuliza kama ni kwa hilo tunalipa masomo. Lakini maneno yake hayanitoki.

Ameniomba niuseme mwisho, arekodi, atume. Nimekataa. Habari ya mamba atume, hiyo iende mbio, na ameshaituma. Mwisho, hapana. Hata hapa siuandiki. Karatasi nayo ina miguu. Ila minye peke yangu nimebaki naujua, na kifua changu hiki unakijua kinavyolia. Na jiwe letu ziwa limelimeza.

Nimetafuta kitu kingine kizito, maji yasichokifikia. Nimekipata, shemeji. Ni weye. Ile simenti yetu juu yako, niliyosema ni nyingi mno kwa mtu mwembamba hivyo. Na toka hapo kwako, mdomo wa mto unaonekana wote.

Basi nakuahidi. Jumamosi, jua likiwa kichwani, nitapandisha watoto wa mtaa. Watakuwekea mikono. Nitawaonyesha mto kwa kidole, nitawaambia yote mpaka mwisho. Telefone zitabaki nyumbani, hata ya Esta. Yeye naye ataweka mkono, ili minye nikija kulala hapo jirani yako, asemaye awepo.

Lala, shemeji. Ukisikia mikono midogo inatetemeka juu yako, usikohoe. Na nikikosea, usicheke. Wakicheka, watarudi majini.

Minye, mume wa dada yako.