Kitufe cha Ghairi

Jumanne, Bariadi

Bado namchukia yule mzee wa kijiji cha Kimali, kana kwamba kosa ni lake.

Alikuja ofisini na kisimu chake kilichopasuka kioo, akalalamika kwamba programu yetu ya mnada imeuza ng'ombe wake wa mahari ya mwanawe. Alitaka kuona bei tu. Nikamjibu mbele ya watu, "Mzee, si umebonyeza Uza mwenyewe? Chini yake kuna kitufe cha Ghairi."

Akanipa simu. "Nionyeshe, mwanangu."

Hakikuwepo. Ukurasa ule niliupanga kwa simu yangu kubwa. Kwenye kioo chake kitufe kilikuwa kimezama chini, hata ukisogeza hakipandi. Simu ndogo sijawahi kuzijaribu. Zinanitia kinyaa.

Bosi alikuwa ananitazama. Nikasema, "Kipo hapa, mzee. Ni macho yako."

Akaisogeza simu usoni, akaiondoa, akafikicha macho. Akaniomba radhi kwa kunisumbua.

Ng'ombe ameshachinjwa. Ukurasa nimeurekebisha jioni hii, kazi ya dakika kumi.

Aliniuliza wanapopima macho ni wapi. Nikatoka naye hadi barabarani, nikamwelekeza.