Siagi Kwenye Utosi wa Gari

Jumanne, mwezi wa saba. Ukungu umelala hapa kijijini Daudi tangu alfajiri na hauna haraka ya kuamka. Miguu inauma, roho inauma kidogo, chai ipo.

Umekuja leo. Haya. Ulikuwa wapi? Uliondoka maharage yakiwa maua, sasa yameshapurwa na kufungwa kwenye magunia, hujapita hapa kusoma hata mstari mmoja. Na mimi naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Utotoni sikukaa darasani hata siku moja, herufi nilizipata ngumbaru, kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni, na kila neno unaloliona hapa nimelitafuta kama mbuzi aliyepotea. Ukikaa kimya namna hiyo nasema umekufa, na mimi nimeshalia vya kutosha kwa waliokufa kweli. Kaa hapo. Umekula?

Leo asubuhi mjukuu wangu alitaka kuondoka na gari lake. Starta ikazunguka, ikazunguka, gari likakataa kuwaka. Watu wote uani wakageuka wakanitazama mimi. Walinitazama kama mbwa anavyotazamwa nyama ikipungua sufuriani.

Limeishiwa petroli, basi. Wameniomba radhi? Hawajaniomba.

Kwa hiyo nimekaa hapa nimenuna, na nimeamua kuiandika habari yote mwenyewe, maana kila sherehe wanaisimulia na kila sherehe wanaikosea. Tena kuna kipande hawakijui.

Ilikuwa enzi za mashamba ya ngano ya serikali, kule chini tambarare ya Hanang. Shamba moja lilikuwa linauza magari yake yaliyochoka. Mume wangu, Mungu amlaze pema, mtu ambaye hajawahi kuendesha kitu zaidi ya jembe la ng'ombe, akarudi nyumbani akasema, "Mama Paskalina, tumenunua pikapu." Hakusema "nimenunua". Alisema "tumenunua". Hapo nikajua kuna tatizo.

Aliyelipandisha gari lile mpaka huku juu alikuwa fundi wa karakana ya shamba. Jina lake lilikuwa refu, la watu wa ng'ombe wa tambarare, na mwanzoni lilikuwa na Gida kama majina yao mengi, basi sisi tukamwita Fundi Gida. Shamba la ngano lilipokula malisho ya baba yake, yeye aliingia karakana ya shamba hilohilo kufagia, akatoka fundi. Binti yangu Paskalina alikuwa anapika jikoni kwa wafanyakazi wa shamba hilo. Unaona njia inavyokwenda. Mimi niliiona siku ileile aliposhuka kwenye gari, kwa sababu hakuna fundi anayenyoa ndevu vizuri vile kwa ajili ya kufikisha pikapu kuukuu.

Aliamkia shikamoo, akaamkia tena, akakaa chini kuliko kigoda kilivyotaka. Mume wangu aliitikia marahaba kama mtu anayetema mbegu. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa milimani, na kwake mtu wa tambarare alifaa kuuziwa mahindi, si kupewa binti. Akampeleka akalale kwa jirani yetu, Mama Tekla.

Sasa nisikilize vizuri.

Kwa mama yangu, na kwa mama wa mama yangu, kitu kinachoingia boma kuja kuishi hakiingii kikavu. Ng'ombe mpya, bibi arusi, wote hupakwa siagi utosini, ili akae, azae, asitamani alikotoka. Nilimwambia mume wangu jioni ileile tulipake gari. Akanijibu, "Hiki ni chuma. Chuma hakikumbuki kilikotoka."

Nikasema sawa. Watoto wangu wanajua, mimi nikisema sawa, bado sijakubali.

Mume wangu alipoingia ndani kunawa miguu nilichukua kibuyu changu cha siagi. Boneti nilishamwona fundi akiifungua, nikaifungua. Ndani ni matumbo matupu. Nilitaka kichwa, kwa sababu siagi haipakwi tumboni. Nikatafuta. Nikakiona kitu cha duara, cheusi, kimekaa wima, waya zinakitoka juu kama nywele zilizosukwa, na kimevaa kofia iliyobanwa kwa vibanio viwili.

Wewe ungefanya nini?

Nilimvua kofia. Utosi ukawa wazi. Nikampaka, na mimi sijawahi kupaka kwa uchoyo. Gari lilikuwa bado na joto la safari, siagi ikayeyuka vizuri, ikashuka yenyewe mpaka kwenye shingo. Nikamwambia, kaa nasi, utupeleke na uturudishe. Nikamvika kofia yake, nikafunga, nikaenda kusonga ugali nikiwa na amani kubwa sana moyoni.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada kule Katesh. Mume wangu alikuwa ameshatangaza nje ya kanisa kwamba atabeba watu bure. Jua halijatoka vizuri, nyuma ya pikapu kumejaa. Mama Tekla alikuwa wa kwanza, na kuku wake wanne wamefungwa miguu, ameketi kama malkia. Mume wangu akakaa kwenye usukani, ingawa hajui kuendesha. Kazi yake ilikuwa kuzungusha ufunguo tu, kisha ampishe fundi.

Akazungusha. Gari likaguguma, likaguguma, halikuwaka.

Akazungusha tena. Hivyohivyo.

Watu wa nyuma walikuwa wakulima watupu, lakini ghafla kila mtu akawa fundi. Mmoja alisema ni baridi. Mwingine alisema gari la tambarare linaogopa mlima. Mama Tekla alisema hili limechoka tu, liachwe lipumzike, hata yeye asubuhi huwa hivyo.

Mume wangu alishuka, akamwendea Fundi Gida, akasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "Umeniletea maiti. Najua kilichokuleta hapa, sijalala usingizi. Basi tafuta kilicholiua. Kama kosa si lako, wazee wako waje tuzungumze. Kama kosa ni lako, rudi kwenye ng'ombe, na salamu zako nisizisikie tena uani kwangu."

Paskalina alikuwa mlangoni na kikombe cha chai cha huyo fundi. Chai ilikuwa inamwagika na yeye haoni.

Fundi Gida hakubishana. Alikunja mikono ya shati. Alisema, kama mtu anayeongea na ng'ombe mgonjwa, "Betri ina nguvu, ndiyo maana starta inazunguka. Kwa hiyo injini imenyimwa kitu. Inataka hewa, inataka mafuta, inataka moto. Tutauliza kimoja kimoja."

Akauliza hewa kwanza. Alifungua chombo cha kuchujia hewa, akakikung'uta, makapi ya ngano yakamwagika ya kutosha kulisha kuku wa Mama Tekla. "Piga," akasema. Mume wangu akapiga ufunguo. Halikuwaka.

Akauliza mafuta. Alichomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, petroli ikaruka ikamlowesha mkono. "Mafuta yanafika." Akarudisha. "Piga." Wapi.

Akauliza moto. Alichomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma, akasema piga. Aliinama akatazama. Wote tukainama tukatazama, hata wa nyuma waliinuka.

"Hakuna cheche," akasema. "Moto ndio umekatika." Mkono wake ukaanza kuufuata ule waya, taratibu, na mimi nikaanza kuufuata kwa macho, na waya ulikuwa unakwenda moja kwa moja kwenye kichwa kile cha nywele za kusukwa.

Hapo nikapita mbele ya fundi.

Nikasema, "Kwa nini msilisukume?"

Wazo la kusukuma halijawahi kukataliwa na mtu yeyote mlimani. Fundi alisema, "Mama, kama hakuna cheche, kusukuma hakutasaidia." Hakuna aliyemsikia. Wanaume walisharuka chini. Walilisukuma mteremko wote wa kwenda mtoni, mume wangu ameshika usukani kama pembe za fahali, Mama Tekla bado yuko nyuma kwa sababu alisema akishuka watamwibia nafasi. Halikuwaka. Kisha ikabidi walipandishe. Walilipandisha na Mama Tekla juu yake. Matusi niliyoyasikia siku ile kutoka kwa watu wa kanisa sitayaandika.

Waliporudi wanahema, Fundi Gida alikwenda palepale. Akabonyeza kibanio cha kwanza, cha pili, akainua kofia.

Alitazama muda mrefu. Akaingiza kidole, akakitoa kimeng'aa. Akakinusa.

Siagi yangu ina harufu yake. Kibuyu nakisafisha kwa mkaa, kwa hiyo ina harufu ya moshi, na jana yake usiku huyu fundi alipelekewa kwa Mama Tekla ugali wangu wenye siagi hiyohiyo, akaula. Aliinua macho. Hakutafuta. Yalikuja kwangu moja kwa moja, nimesimama pale na khanga nimeing'ata.

"Ni nini?" mume wangu akauliza.

Fundi Gida akachomoa kitambaa, akachovya kwenye petroli, akaanza kufuta. "Unyevu, mzee. Ukungu wa huku umeingia kwenye platini. Vijichuma vyake vikipata unyevu, moto haupiti."

"Na ukungu wa huku hukuujua?"

"Sikuujua vizuri."

"Kwa hiyo kosa ni lako, hukufunika."

"Nilitakiwa kufunika," akasema.

Akasugua vijichuma vile kwa ubavu wa sanduku la kiberiti, akarudisha kofia, akasema piga. Gari likawaka mara moja, likanguruma, kuku wakapiga kelele, watu wakapiga makofi. Mume wangu hakupiga. Alisema, "Asante kwa kazi. Nilishasema nilichosema. Gari tutampata mtu wa kuliendesha."

Fundi Gida akainamisha kichwa, akafuta mikono, akachukua mfuko wake.

Sasa hiki ndicho kipande wasichokijua.

Wajukuu husema kwamba bibi aliruka palepale akakiri. Sikuruka. Nilinyamaza. Nilimwangalia akivuka ua, akapita zizi, na bado nimenyamaza, na nitakwambia nilichokuwa nawaza, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa. Niliwaza, akienda, hakuna atakayejua habari ya siagi. Mume wangu hatanicheka mbele ya kanisa zima. Na Paskalina atabaki huku juu, ataolewa hapa karibu, jioni nitasikia akiita watoto wake. Yote hayo kwa kufunga mdomo tu. Nilikuwa napata vitu vingi sana kwa bei ya mtu mwingine.

Paskalina hakulia. Aliinama akaanza kukiokota kile kikombe cha chai, kilichomponyoka baba yake aliposema asante kwa kazi, akikusanya vipande vyake mkononi, kimoja kimoja, polepole, kama mtu ambaye hana tena mahali pa kwenda siku hiyo.

Nikashindwa.

"Wewe Gida," nikaita, "rudi hapa." Kisha nikamgeukia mume wangu. "Hakuna ukungu wowote. Ni mimi. Nililipaka siagi."

Injini ilikuwa inanguruma, akadhani hakusikia vizuri. "Ulilipaka wapi?"

"Utosini."

"Gari lina utosi?"

"Lina kofia. Nilimvua."

Mama Tekla kule juu alianza. Alicheka mpaka akawaachia kuku, na kuku wakaanza kuruka huku wamefungwa miguu, na watu wote nyuma ya pikapu wakaangukiana. Mmoja akauliza kama nililisuka nywele pia. Mwingine akasema sasa ameelewa kwa nini lilikataa mnada, bibi arusi hatoki nje siku ya kwanza.

Mume wangu hakuwa mtu wa kucheka mbele ya watu. Alivua kofia yake akaiweka usoni, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alipoishusha, macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa ileile ya mzee wa kanisa.

"Wewe," akamwambia Fundi Gida, "uliijua siagi?"

"Niliijua, mzee. Jana niliila."

"Mbona ulisema ukungu?"

Fundi akatazama mikono yake. "Nilikuja kuomba binti. Sikuona nianzeje kwa kumshtaki mama yake."

Mume wangu akavaa kofia yake tena. Watu wakaacha kucheka, hata Mama Tekla, ambaye sijawahi kumsikia amenyamaza kabla au baada ya siku ile.

"Wazee wako wanajua njia ya kuja huku?"

"Wataiuliza, mzee."

"Waambie waje na makoti. Kuna ukungu."

Akahama kwenye usukani, akasogea upande wa pili, akampisha.

Walikuja mwezi huohuo. Paskalina aliteremka tambarare, na jioni zangu zilikuwa kimya kwa muda mrefu, sitakudanganya. Nilizihesabu. Lakini sijawahi hata mara moja kulala nikijiuliza kama binti yangu yuko mikononi mwa mtu wa namna gani. Wangapi ambao mabinti wao wameolewa hapa jirani wanaweza kusema hivyo? Mimi nilimjua kabla mahari yake haijafika kwetu, kwenye dakika ile alipobeba kosa langu akaondoka nalo bila kugeuka.

Haya, ukungu unaanza kupanda na kidole kimechoka. Ukija tena, usije peke yako. Yule unayemtaja huku unamung'unya maneno, unaniambia ni rafiki tu, mlete. Nitampikia, nitampa kuni apasue, kisha nitamsingizia kitu kidogo, labda kuvunja bakuli. Wewe kaa kimya, usimtetee.