Vita Viliisha Agosti, Tata

Tata,

Siandiki baba mpendwa. Ningekuwa nadanganya, na wewe uongo hukuupenda hata chembe. Ni wiki ya tatu tangu tulipokuzika hapa Ekerenyo. Watu wamesifu ushujaa wako vitani huko Bama, nchi ya Burma, mpaka masikio yangu yamechoka. Nilinyamaza kwa ajili ya mama. Sasa nasema.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la saba? Tulikuwa tunachuma maua ya pareto, mimi na wewe, ukaniuliza mwalimu amefundisha nini. Nikakujibu kwa maringo kwamba vita vikuu viliisha mwezi wa tano, Wajerumani waliposalimu amri. Ukaweka kikapu chini. Ndugu yako Nyakundi, mliyeingia naye jeshini siku moja, aliuawa kando yako mwezi wa saba mwaka huohuo. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, ila sikulifikiria.

Kesho yake ulifika shuleni umevaa kabuti lako la jeshi, jua linawaka. Ulisimama mlangoni ukamwambia mwalimu mbele yetu sote, "Ndugu yangu alikufa mwezi ya saba. Hiyo alikufa vita gani?" Mwalimu, kijana wa watu, akababaika, akasema ndivyo kitabu kinavyosema. Ukanishika mkono ukanitoa, ukisema mtoto wako hatafundishwa uongo. Wenzangu walicheka.

Siku iliyofuata mwalimu aliendelea na somo. Jioni rafiki yangu Moraa alinikimbilia na daftari lake. Huko Ulaya vita viliisha Mei, lakini Wajapani, mliopigana nao huko Bama, waliendelea mpaka Agosti, mabomu mawili yakateketeza miji yao, mfalme wao akatangaza kushindwa redioni, na hapo ndipo dunia nzima ikaweka silaha chini. Ni yaleyale uliyokuwa ukitusimulia. Nilikusomea kwa furaha, nikijua nitarudi shule.

Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Nimeshasema."

Mama alipiga magoti. Mzee wa kanisa alikuja mara mbili. Mwalimu mwenyewe alikuja kuomba radhi, ukamwacha amesimama uani. Wenzangu walipofanya mtihani mimi nilikuwa kwenye pareto, na haukupita muda ukaniozesha huko Kenyenya.

Moraa sasa ni mwalimu huko Magwagwa. Tukikutana sokoni huongea nami polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Namchukia kwa hilo, na kosa si lake.

Nimelia kaburini kwako, sikatai. Nimemlilia na Nyakundi, ambaye wengine walicheza ngoma za amani yeye akiwa bado ameshika bunduki. Ungekuwa umekosea, ningekusamehe. Lakini ulikuwa sahihi, ukasikia kitabu kinakubaliana nawe, ukajua mwalimu hakudanganya, na bado ukaniacha shambani ili usionekane umerudi nyuma. Wajapani walisalimu amri, Tata. Wewe ulishindwa kusalimu, hata mbele ya mtoto.

Pumzika, ukiweza.

Binti yako wa kwanza,
Kemunto