Bisha Hodi Kama Watu

Gatina, Kawangware
9 Desemba 2007

Mpendwa Mama Ogola,

Salamu nyingi kutoka kwetu Gatina. Goti linaendeleaje? Na mwanao Ogola, bado anakula kama watu watatu? Sisi huku tuko fiti. Mama anakusalimu, anasema tangu tuhame Sarang'ombe hajapata jirani wa kugombana naye vizuri.

Najua umenikataza kupiga simu. Ulisema hukukaa darasa la ngumbaru miaka miwili, wajukuu wa watu wakikucheka dirishani, ili macho yako yakae bure. Haya basi, soma.

Wazo la kazi yangu ya mwisho chuoni limepita! Nakukumbusha: makumbusho wametupa sisi wanafunzi wa usanifu chumba kimoja, tutengeneze maonyesho ambayo mtu hatembei tu akiwa ameweka mikono nyuma. Anashika, anabonyeza, na kitu kinamjibu. Yangu inaitwa "Nairobi Nyumbani". Kuna skrini ya kompyuta, na mbele yake sanduku la vitufe sita. Kila kitufe kina jina la kabila. Mgeni anabonyeza lake, anasikia mtu wa kwao akisimulia maisha ya plot, milango mingi na bomba moja. Ukibonyeza MLUO, ni wewe! Ni ile hadithi tuliyorekodi Agosti, ya bomba la maji na yule landlord. Mwalimu wangu, Bwana Githinji, aliisikia akacheka mpaka akavua miwani.

Ogola amekubali kuunda hilo sanduku, unajua mikono yake ikishika waya. Aniletee kabla ya mwaka mpya, maana naonyesha kazi tarehe tatu.

Binti yako wa mlango wa tatu,
Mwongeli


Sarang'ombe, Kibera
16 Desemba 2007

Mwongeli nyathina, mtoto wangu,

Barua yako Khamala wa mkokoteni ameileta ikiwa na vumbi la makaa, lakini inasomeka. Nimeisoma peke yangu mara mbili bila kuita mtu. Goti ni lile lile. Ogola siku hizi anakula kama watu wanne.

Sanduku nimeliona. Linang'aa, vitufe vyekundu, na majina Ogola ameyaandika kwa rangi nyeupe kama fundi wa mabango. Lakini wacha nikuulize wewe msomi. Mbona mashine inataka kujua kabila ya mtu kabla haijamsalimia? Hayo ni maswali ya chifu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unabisha mabati yangu kila jioni mama yako akichelewa kazini. Nauliza, "Nani?" Unasema, "Ni mimi." Mimi nani? Hakuna anayesema! Plot nzima, milango kumi na miwili, kila mtu ni "ni mimi", na tunafungua. Sijawahi kumfungia mtu nje kwa sababu hiyo.

Lakini mimi ni mama wa ngumbaru, labda ndiyo hiyo digital yenu. Ogola atakuletea Jumapili tarehe thelathini, tukishapiga kura na kelele zikipungua. Na ule vizuri. Wembamba si shahada.

Mama yako wa mlango wa pili,
Awiti


Gatina
5 Januari 2008

Mama Ogola,

Mko wazima? Swali hili naliandika kila barua, na leo ndiyo mara ya kwanza naliuliza kweli.

Jumapili nilimngoja Ogola pale stage ya matatu za 56 tangu saa nane. Jioni matokeo yakatangazwa, na watu wakaanza kukimbia kabla sijajua wanakimbia nini. Maduka yamechomwa. Tumejifungia ndani siku nyingi. Simu ya Ogola imezimwa, yako pia, na kredo ya simu haipatikani hata kwa dawa. Sijali sanduku. Nataka tu kujua kama alirudi nyumbani.

Khamala anasema atajaribu kupita. Nijibu hata mstari mmoja.

Binti yako,
Mwongeli


Sarang'ombe
14 Januari 2008

Mwongeli,

Umeuliza kama tuko wazima. Mimi ni mzima. Ogola hapana.

Alitoka hapa ile Jumapili saa tisa, na sanduku lako ndani ya gunia. Karibu na kwenu vijana walikuwa wamefunga barabara kwa mawe na matairi. Usiniulize walikuwa wa kabila gani. Ukiniuliza nitachana barua zako zote. Wakafungua gunia. Wakasoma majina. Walicheka, Mwongeli. Mmoja akaliweka sanduku juu ya jiwe akamwambia, "Haya boss, bonyeza yako."

Akajaribu kuwaeleza kwamba ni kitu cha makumbusho. Wakamwambia bonyeza. Akabonyeza, kwa sababu aliona akidanganya itakuwa mbaya zaidi. Mkono uliobonyeza ndio walioupiga kwa nondo. Vidole vitatu na kifundo. Daktari anasema vitaunga lakini vitabaki vigumu. Mtu aliyekuwa anashika waya mwembamba kama unywele, leo namfungia vifungo vya shati.

Najua si wewe uliyempiga. Lakini swali walilomuuliza uliliandika wewe, ukampa alibebe. Toa sauti yangu kwa hiyo mashine. Toa hadithi ya bomba, toa kicheko, toa yote. Sitaki mtu anibonyeze.

Awiti


Gatina
21 Januari 2008

Mama Ogola,

Sijui kama bado naruhusiwa kuuliza habari za goti. Nauliza.

Nimelia nikamaliza, kwa hivyo barua hii haitakuomba unihurumie. Sitasema sikujua. Uliniambia Desemba, kwa maneno mepesi kabisa, nami nikacheka nikamwambia mama, sikia ngumbaru anavyonifundisha kazi. Hiyo ndiyo aibu yangu na nitakaa nayo.

Sauti yako nimeitoa kwa kompyuta. Kanda yenyewe iko ndani ya bahasha yenye jina lako, na hakuna atakayeigusa usiposema. Ule ukurasa wa makabila nimeufuta wote. Skrini yangu sasa ni nyeusi tu. Chuo kimefungwa, na tarehe ya kuonyesha imesogezwa.

Mwambie Ogola barabara zikifunguka nitakuja kumwomba msamaha uso kwa uso. Akitaka kunifukuza, anifukuze nikiwa nimefika.

Binti yako, hata kama hunitaki,
Mwongeli


Sarang'ombe
11 Februari 2008

Mwongeli,

Sijakusamehe. Nakuandikia kwa sababu nimefanya kitu, na simjui mwingine atakayekisoma vizuri.

Wiki jana vijana walipita plot na chaki. Kila mlango uandikwe kabila ya mwenyewe, eti wajue nani wa kuachwa. Majirani wameandika, siwalaumu, wana watoto. Filister wa mlango wa kwanza ameandika yake na ya yule mume aliyemtoroka, ili awe salama pande zote. Wakafika kwangu. Kijana akanipa chaki akasema, "Mathe, wewe andika tu, wewe ni wetu, hakuna shida."

Wetu! Mimi nilijifunza kuandika nikiwa na miaka hamsini na mbili. Sikujifunza ili niandike kabila kwa mlango. Nikachukua ile chaki nikaandika polepole, herufi kubwa, na wao wamesimama wananingoja kama wanafunzi: BISHA HODI KAMA WATU.

Waling'oa mlango. Wakaenda kufungia barabara nao. Siku nne nimekaa na pazia na jiwe, na hakuna aliyeingia. Ogola amecheka mara ya kwanza tangu mwaka uanze, anasema mlango wetu umepewa kazi ya serikali.

Niambie kama nimekosea herufi.

Mama Ogola


Gatina
9 Machi 2008

Mama Ogola,

Hujakosea hata moja. Barua yako nimeisoma kwa sauti, mama akapiga meza akasema huyo ndiye Awiti.

Mko salama sasa? Wakubwa wamepeana mikono kwa televisheni na chuo kimefunguliwa. Asante kwa kuniruhusu nimwone Ogola hospitalini siku ya kukaguliwa mkono, hata kama wewe ulitoka nje nilipoingia. Hakunifukuza. Alinionyesha vidole, na hiyo iliniuma zaidi.

Sasa sikia vita yangu. Bwana Githinji na yule mama wa kampuni inayotufadhili wanataka vitufe sita virudi. Eti sasa ndio wakati wake hasa, wageni waone utajiri wa makabila yetu. Wameshachapa mabango. Nikawaambia fundi wa vitufe alivunjwa mkono kwa sababu ya vitufe. Yule mama akauliza kama tunaweza kutumia rangi za upole zaidi. Rangi! Nikamwambia sirudishi. Wakitaka kuninyima cheti, waninyime. Githinji akavua miwani, na safari hii hakucheka. Atanivumilia mpaka Aprili. Nisipokuwa na kitu cha kuonyesha, narudia mwaka.

Kwa hivyo nimetengeneza mlango. Mlango wa kweli, wa mabati, Makau fundi wa hapa Gatina ndiye aliyenipigilia. Ndani nimeficha mic ndogo. Mgeni anabisha. Sauti inauliza, "Nani?" Mgeni akijibu lolote, kwa lugha yoyote, kompyuta inasikia kwamba kuna mtu, basi. Mlango unafunguka, skrini iko ndani, na hadithi inayokuja hachagui yeye. Anapokewa na yeyote aliyeko nyumbani, vile tulivyokuwa tunapokewa kwako.

Kimebaki kitu kimoja. Ile "Nani?" Nimejaribu yangu, inasikika kama polisi. Nimejaribu ya mama, inasikika kama ameamshwa. Yako iko kwenye kanda: ile siku ya Agosti mtu alibisha tukirekodi, nawe ukamuuliza. Siitumii mpaka useme ndiyo.

Binti yako,
Mwongeli


Gatina
20 Aprili 2008

Mama Ogola,

Salamu, na pole kwa mvua, najua vile maji yanapita hapo plot.

Wiki sita hujajibu, na sikulaumu. Nakuarifu tu ili usisikie kwa watu. Maonyesho yamefunguliwa jana. Mlango wangu wameuweka kwenye kona, kando ya choo. Watu wanabisha, na ni kimya. Hakuna anayeuliza nani, kwa hivyo haufunguki. Wanasubiri kidogo, wanatazamana, wanaenda zao.

Githinji alinivuta kando akaniambia, kanda si unayo, nani atajua? Nikamwambia mwenyewe atajua, yuko Sarang'ombe na anajua kusoma. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi, kisha mlango unatolewa na mimi narudia mwaka. Wamebandika karatasi: HAIFANYI KAZI. Nimeibandua mara mbili na kesho nitaibandua tena. Heri ukae kimya kuliko useme kwa sauti ya wizi.

Bado ni binti yako,
Mwongeli


Sarang'ombe
25 Aprili 2008

Mwongeli nyathina,

Goti limepanda ngazi za makumbusho jana, kwa hivyo usiniulize habari zake. Nilikuja na Ogola. Hatukukuambia, sikutaka uanze kutupangia viti. Tumelipa kiingilio kama wageni wengine. Tukapita ndege waliokaushwa, wengi ajabu, sijui walimkosea nani, tukafika kando ya choo.

Mlango ni mzuri. Makau ni fundi, lakini bawaba ya chini imelegea, Ogola ameiona kutoka mbali. Akabisha kwa mkono wa kushoto. Kimya. Akabisha tena kwa ule mwingine, polepole, nami natazama vidole. Kimya. Mlinzi akaja akaniambia, "Mama, hiyo imeharibika."

Nikamwambia haijaharibika. Ni mimi sijajibu.

Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Wacha atazame. Miezi minne kila mtu ananijibia, ananiletea chaki, ananiambia mimi ni wa nani. Mashine yako ndiyo kitu cha kwanza Nairobi hii kilichoningoja niseme mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi nikalia, na Ogola akajifanya anasoma habari za ndege.

Ile sauti ya kanda usiitumie. Ile ni ya Agosti, na mwanamke aliyeuliza vile alikuwa hajaona kitu. Nataka ya sasa. Njoo Jumapili na mashine yako ya kurekodi, mapema, kabla hawajautoa mlango wako. Ogola anataka kuongea nawe habari ya bawaba, na mengine muongee wenyewe, mimi nitakuwa jikoni. Mlango wangu ni mpya, wa mbao, mzito. Bisha kwa nguvu. Nitauliza nani, na nitauliza kwa sauti yangu yote.

Unajua la kujibu.

Mama yako wa mlango wa pili,
Awiti