Mkanda Uliobaki Kwenye Kamera ya Baba

Jumamosi, 5 Julai

Kahawa imekorogeka, magadi yameyeyuka, vidonge vya vitamini C nimevitwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu. Jiko zima linanuka soksi. Mama kanuna kwa sababu magadi yake ya kisamvu yamekwisha. Nimemweleza kwamba dawa hii ndiyo itakayosafisha picha. Akasema, Somoe, kahawa ni ya kunywa.

Mkanda wa leo ni wa majaribio, nimeupiga mwenyewe hapa Newala kwa kamera ya kuazima. Mbuzi, cherehani yangu, Mama akichambua kunde. Mkanda wa Baba bado umo ndani ya kamera yake. Haujaguswa tangu afariki. Ule ukiharibika, basi tena.

Jumapili, 6 Julai

ZIMETOKA! Nimepiga kelele mpaka jirani yetu Baba Hadija akaja na panga, akidhani ni nyoka. Mbuzi mweusi amekuwa mweupe, lakini ni mbuzi!

Nikaanika mkanda kwenye kamba ya nguo, nikaenda kujigamba barabarani.

Ujinga. Baba Hadija akarudi kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho yake, upepo ukaileta yote kwetu. Mkanda ulikuwa bado mbichi, unga wa salfa ukaganda juu yake. Sasa mbuzi ana ndui. Nimelia kidogo, kisha nimecheka. Nimezaliwa kwenye mikorosho halafu nasahau Julai ni mwezi wa salfa.

Jumatano, 9 Julai

Sijalala vizuri. Sababu ni Mama.

Baba alikuwa mpiga picha Masasi. Alipiga maharusi, watoto wa kipaimara, wanafunzi wa picha za paspoti. Yeye mwenyewe hatuna picha yake hata moja. Alikufa nikiwa mdogo, sura yake siikumbuki. Najua koti lake tu.

Jana Mama alitamka, huku anakuna nazi, kwamba aliwahi kumpiga Baba picha. Mara moja. Shambani Mkunya, kwa kamera ileile, muda mfupi kabla hajaugua. Siku zote hizi kanyamaza! Anasema alijua mkanda ulishakufa pamoja na mwenyewe.

Leo nimeshona mkono wa gauni la watu nje ndani. Nimefumua. Nimekosea tena.

Ijumaa, 11 Julai

Kesho ni zamu ya mkanda wa Baba.

Nimefagia ghala la korosho, nimeziba nyufa kwa matambara, mlangoni nitatundika shuka mbichi kunasa vumbi. Baba Hadija amekubali kupumzisha mashine yake ya salfa, kwa sharti kwamba nimpige picha akiwa juu ya pikipiki. Na miwani.

Shida ilikuwa maji. Kusuuza mkanda kunataka maji mengi, na kwetu maji hayachezewi. Jioni nimekuta ndoo zimejaa mlangoni mwa ghala, maji ya mvua yaliyohifadhiwa kisimani, ambayo Mama hampi hata mgeni. Sikuomba. Kumbe ana hamu kuliko mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimelifunga koti la Baba kama mfuko usiopenya mwanga, kamera na chupa nyeusi ndani, nikaingiza mikono yangu kwenye mikono ya koti. Nikauzungusha mkanda kwa kupapasa mpaka ukaingia chupani. Jasho. Nikamimina dawa. Mama alisimama nje ya mlango muda wote, namsikia akikohoa makusudi ili nijue yupo.

Picha nyingi zimekufa. Ukungu mtupu.

Karibu na mwisho, moja. MOJA!

Simu yangu inageuza weusi kuwa weupe. Nikaipiga kwa simu, nikageuza. Mwanamume kati ya mikorosho, mashine ya salfa mgongoni. Amejifunga kanga usoni, pua na mdomo vyote ndani. Macho tu.

Nimezuia salfa yote ya Newala, kumbe nyingine ilishamficha sura humo humo pichani. Nimekasirika. Nimeipiga ndoo teke, maji ya Mama yakamwagika. Kusubiri kote huku, kwa macho mawili!

Mama aliruka maji yaliyomwagika akaingia. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Kanga yangu hiyo," akasema. "Nikamwambia, Baba Somoe, vua basi. Akasema piga tu, Mama Somoe, kuna vumbi. Nikapiga."

Jumapili, 13 Julai

Baba Hadija amewasha mashine tena. Nilijifunga kanga usoni nikaanue nguo kabla hazijawa njano.

Mama alikuwa uani na kunde zake. Akaacha kuchambua. Akaniangalia mpaka nikaona haya. Akasema nimletee kamera ya Baba, yenye mkanda mpya sasa.

Nilitaka kumwonyesha pa kubonyeza. Akasema anapajua. Akapiga, mimi na kanga yangu, nguo begani.

"Haya, sasa vua," akasema. "Tupige na nyingine."

Nikavua.