Mnunuzi Mmoja wa Mahindi

Nakuru

Kaka Zakaria mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka mji huu wa vumbi jeupe la ziwani. Katika kozi yetu ya uchumi wa biashara, mwalimu Mwingereza alisifu sana ushindani huru, kisha akaomba mfano wa ukiritimba. Barasa, mwenzangu wa chumbani, alitaja kampuni ya mafuta ya Marekani. Mimi nikasimama na kueleza, kwa Kiingereza safi, kwamba wewe huruhusiwi kuuza mahindi ila kwa mnunuzi mmoja aliyewekwa na serikali, naye hukulipa chini ya anavyomlipa setla wa Kizungu.

"Huo si ukiritimba, kijana," alinijibu. "Huo ni utaratibu."

Darasa zima lilicheka. Jana yalisomwa majina ya watakaokwenda London kwa masomo ya juu. Barasa yumo, mimi nimeambiwa sijakomaa.

"Bwana, mfano wa Marekani hukuuona?" aliniuliza Barasa akifunga sanduku lake.

Nawatakia mvua njema na afya nyote. Mwambie Mama aimalize tu ile sweta anayonifumia ya kwenda Ulaya. Baridi ya hapa nayo inauma.

Nduguyo akupendaye,
Eliya