Muhuri wa Mpakani Siufuti

Jumatano, Unyambwa. Jua kali, vumbi tupu, na mimi mwenyewe nimewaka kuliko jua.

Mpwa wangu Iddi kaniacha mjini, kaondoka na pikipiki yake kwa hasira, nimerudi nyumbani kwa miguu. Mzee wa umri wangu. Na nimefika bila kutweta. Wanaosema nimezeeka waje tushindane.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Shule yangu ni ngumbaru. Nikikosea herufi nisameheni, nikikosea jambo nibishieni. Lakini leo sijakosea.

Kisa ni pasipoti yangu.

Mnaosoma ukurasa huu siku nyingi mnajua nilikwenda Yerusalemu na kundi la kanisa letu. Tulianzia Misri. Mlima Sinai mchungaji wetu alipanda kwa ngamia, mimi nilipanda kwa miguu hii hii, nikamsubiri juu. Halafu tukavuka mpaka kwa basi tukaingia Israeli.

Kabla ya kuvuka, kiongozi wa safari alitukalisha chini akatueleza. Israeli ina majirani ambao haisalimiani nao kabisa. Ukikutwa na muhuri wa Israeli kwenye pasipoti, watu wa nchi hizo hawakupokei, wanakurudisha na ndege ile ile. Kwa hiyo Waisraeli siku hizi hawagongi muhuri. Wanakupa kikaratasi kidogo, ukirudi kwenu unakitupa, na pasipoti yako inabaki kama hukufika.

Kama hukufika! Mimi?

Nikamwambia binti wa dirishani, gonga. Nimetoka Singida mpaka hapa unanipa kikaratasi kama risiti ya ushuru wa mnadani? Kiongozi alitafsiri, nadhani alitafsiri nusu. Yule binti akacheka, akatikisa kichwa. Kikaratasi ninacho, nimekitia ndani ya Biblia.

Nikajifariji na muhuri wa Misri. Siku ile ya kuvuka, Wamisri walitugongea muhuri wa kutoka kwao, na muhuri wenyewe una jina la mpaka tuliopita. Niliporudi niliuonyesha kanisani, nikauonyesha mnadani, nikaupiga picha nikauweka hapa hapa mtandaoni mkauona wote.

Sikujua kumbe huo ndio unaosema kila kitu.

Sasa nije kwa binti yangu Neema. Ameolewa nchi ya mbali, na hiyo nchi siitaji, maana anayelala huko ni yeye, siyo mimi. Mjue tu ni moja ya hizo zisizosalimiana na Israeli. Mumewe ni mtu mwema, walikutana Dar es Salaam alipokuwa akiuza vipuri vya magari. Wamekaa miaka bila mtoto, watu wameshachoka kuuliza, mwaka huu Mungu kawapa wa kiume.

Mama yake Neema alishatangulia mbele za haki. Hakuna mtu wetu hata mmoja aliyewahi kukanyaga nyumba yake. Basi mawifi wanamwambia kwa mzaha, mzaha wenyewe una miiba: wewe uliokotwa, wewe huna kwenu.

Neno hilo lilinitoa machozi. Nalisema bila haya.

Mwanamke niliyemzaa mimi, nikamlea mimi, nikamsomesha kwa alizeti na vitunguu vya mikono yangu, hana kwao? Nikasema nakwenda. Nitakaa sebuleni kwao nimevaa koti langu la kanisani, wanitazame mpaka wachoke.

Iddi ndiye mwenye kujua mambo ya tiketi na viza, aliifanya kazi hiyo Dar. Juzi alikuja, akafungua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akafika kwenye muhuri wa Misri, akaweka kidole juu ya jina.

"Mjomba, hapa tumekwama. Mpaka huu unakwenda nchi moja tu. Afisa wa kule kwa Neema akisoma jina hili, hana haja ya muhuri wa Israeli."

Dawa yake ilikuwa tayari. Tukaripoti polisi kwamba pasipoti imepotea, niombe mpya, safi, haina neno. Na ile picha niifute mtandaoni. Watu wote wanafanya hivyo, mjomba, akasema.

Nilikubali. Msidhani nilibisha toka mwanzo. Asubuhi ya leo nimepanda nyuma ya pikipiki yake nimeshakubali, kwa ajili ya Neema.

Kaunta ya polisi tukamkuta askari wa kike, Msukuma, na Wasukuma ni watani wetu sisi Wanyaturu. Akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, nikaitikia, akanitazama usoni, hakungoja.

"Babu, yule punda mmeshamla au bado yupo?"

"Yupo. Kaniagiza nikuulize, michembe ya viazi imeisha huko kwenu? Mbona umekonda?"

Akacheka mpaka kofia ikakaa upande. Iddi hakucheka. Akajisogeza mbele yangu.

"Afande, mjomba amepotelewa na pasipoti. Pale stendi."

"Pole babu." Akachukua kalamu, akanigeukia mimi, siyo Iddi. "Ilipotea lini?"

Pasipoti ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Naisikia kifuani kama mkono wa mtu. Huyu mtoto kaniamkia, mdomo wangu umetoka kumwitikia marahaba, sasa mdomo huo huo umtemee uongo?

"Haijapotea," nikamwambia. "Ndiyo tumekuja kuipoteza."

Nikaitoa nikaiweka kaunta.

Alicheka mpaka mwenzake akatoka chumba cha ndani kuja kuangalia kuna nini. Halafu akaacha kucheka ghafla, akamnyooshea Iddi kalamu. "Kaka, taarifa ya uongo polisi ni kesi. Leo Mnyaturu amekuokoa, nenda ukasimulie."

Nje, Iddi hakuniita mjomba. Alisema, "Wewe mzee unapenda sifa kuliko mjukuu wako." Akawasha pikipiki.

Njia nzima nimekuwa nikilitafuna hilo neno. Sifa napenda, nani asiyejua? Nilizaliwa nazo. Lakini siyo sifa zilizonifungua mdomo leo.

Mimi ni mfugaji. Ng'ombe akiletwa mnadani na chapa iliyokwaruzwa, hakuna anayemuuliza ng'ombe. Anaulizwa aliyeshika kamba. Sasa nikienda kwa wakwe zangu na ukurasa niliokwaruza, nikakaa sebuleni na koti langu, nikawaambia huyu binti ana kwao, nitakuwa namwonyesha nani? Baba mwizi. Afadhali hata aitwe wa kuokotwa.

Wala sikwenda Yerusalemu kuchukua upande. Ugomvi wao una wakubwa wake. Mimi nilikwenda kusali.

Nimempigia Neema nikamweleza yote. Nilitegemea acheke ile ya kuipoteza. Hakucheka.

"Baba, ni muhuri tu."

"Siyo muhuri tu, mama."

"Mwanangu ameanza kucheka na watu, na hajaona sura hata moja ya kwetu. Wewe uko huko unataniana na polisi." Sauti yake ikakatika. "Kwa hiyo nikae tu? Waendelee kusema niliokotwa?"

Akakata simu.

Nilikaa kwenye kigoda. Ugali nimeusogeza pembeni. Sikuona mtu wa kumgombeza isipokuwa kuku.

Na hapo, nikiwa na hasira zangu, ndipo nikajiuliza swali ambalo mzee mzima nilipaswa kujiuliza zamani. Nani anamwendea nani? Toka lini baba wa binti akahangaika na viza kutafuta ukwe? Mume ndiye anayekwenda ukweni! Yule kijana mahari alileta yeye na rafiki yake mmoja, wakala kuku, wakaondoka jua halijazama. Baba yake sijamwona. Mama yake sijamwona. Hao mawifi wenye midomo hawajui Singida iko kaskazini au kusini. Halafu mimi ndiye nifute alama zangu ili nikawabembelezee mlangoni?

Hawajui kwao Neema kwa sababu hawajaja. Basi.

Nikachukua simu, nikabonyeza pale pa kurekodi sauti, nikamtumia Neema, nikamwambia amtafsirie mumewe na baba mkwe, na asinipunguzie neno. Nilisema hivi:

"Mimi baba yake Neema nawasalimu. Nimetembea nchi ya majirani zenu, nimekula chakula chao, na sitasema sikwenda. Mkinikataa kwa hilo, ni nyumba yenu, siwalaumu. Lakini kwangu hapa Unyambwa mlango uko wazi. Njooni na mtoto. Mkifika sitawauliza mmegombana na nani. Nitawauliza kama mmekula njiani."

Baada ya hapo nimekaa na simu mapajani kama mtu anayeatamia yai. Nitasema kweli, niliogopa. Viza nimeipoteza kwa mdomo wangu, na hawa wakikataa kuja, huyo mtoto nitamjua kwa picha mpaka nife. Hilo nalijua. Nililijua pale kaunta pia.

Jioni Neema kajibu. Sauti ilikuwa ndogo, pua imeziba kwa kulia, lakini ni sauti ya mwanangu.

"Baba, ameisikiliza mara mbili, halafu akaenda kumsikilizisha baba yake. Mzee ameuliza kutoka Dar mpaka hapo ni mwendo wa kiasi gani."

Hakusema watakuja. Nawaandikia kama alivyosema, siongezi.

Nimemjibu: mwambie ni mwendo mrefu, lakini barabara ni nzuri.

Iddi nitamwita Jumapili, nimchinjie jogoo, tupatane, maana ni mtoto wa dada yangu na atahitajika kuwapokea uwanja wa ndege. Picha ya muhuri iko pale pale, asiyeiona ashuke chini ya ukurasa.

Kesho kukipambazuka naanza kuchimba choo cha wageni. Wakija watakikuta. Wasipokuja, choo ni changu.